Namba Tano za Namwela

Siku Tusekile alipomjua Tadei, walianza kwa kugombania foleni. Ilikuwa mwezi wa sita, mwaka wa sabini na nne, na baridi ya Ufipa ilikuwa imewakunja watu mabega. Tadei alifika Kanyele kwa baiskeli ya serikali, mgongoni ana bomba la bati lenye karatasi, na kwenye karia amefunga debe la ulezi wa mama yake. Akawapita akina mama waliokaa juu ya mafurushi yao, akaenda moja kwa moja kwenye mashine ya kusaga na kutaka asagiwe kwanza, kwa kuwa yuko kazini.

"Shikamoo mama. Mimi natoka ofisi ya ramani."

"Marahaba. Na hawa wanatoka ofisi ya njaa. Kaa nyuma ya yule mwenye kanga nyekundu."

Akina mama wakacheka, Tadei akakaa. Alikuwa kijana mwembamba wa miaka ishirini na saba, Mfipa wa hukohuko juu mlimani, aliyesoma kwa mapadri akaachia njiani. Kucha zake zilikuwa safi kuliko za mtu yeyote aliyewahi kukanyaga Kanyele. Kukaa bure kulimshinda. Alifungua bomba lake, akatandaza makaratasi juu ya magunia, akaanza kuyachungulia kwa lenzi.

Tusekile alikuwa mtu wa Rungwe. Aliingia Sumbawanga juu ya shehena ya ndizi, hana mume wala ndugu, akauza maandazi Majengo, kisha maharage, kisha mashuka. Mfanyabiashara mmoja alipofunga duka kurudi kwao, Tusekile alimnyang'anya ile mashine kwa bei ambayo mwenyewe hakupenda kuitaja, maana hata yeye aliona haya. Aliisimika Kanyele, kando ya barabara ya kwenda Laela, juu ya jukwaa la saruji, kwa hesabu kwamba watu wa milimani watashuka. Na walishuka. Mtu wa namna hiyo haachi karatasi itandazwe juu ya magunia yake bila kuuliza ni ya nini.

Tadei akamweleza, na kueleza alikupenda. Zile zilikuwa picha zilizopigwa kutoka kwenye ndege. Juu ya kila picha aliweka karatasi ngumu inayopitisha mwanga, iliyochorwa miraba midogo, na ndani ya kila mraba akaandika tarakimu moja kwa wino. Moja ni maji, mbili ni pori, tatu malisho, nne mawe, tano shamba, sita nyumba. Mraba mmoja kwenye karatasi hautoshi ukucha wa kidole cha mwisho, lakini ardhini ukitaka kuuzunguka kwa miguu, chai uliyoiacha jikoni utaikuta imekauka.

"Na mraba wenye nusu shamba, nusu pori?"

"Naangalia kilichozidi, mama. Naandika hicho."

"Na kilichopungua?"

"Hakipo."

Jibu hilo Tusekile alilipenda. Akamwomba amwonyeshe mashine yake iko mraba gani. Tadei akaweka ncha ya kalamu kwenye mraba wenye namba tatu.

"Yaani mimi ni majani?"

"Nyumba moja na kibanda havijazi mraba, mama yangu."

Hapo Tusekile akaacha mzaha. Operesheni ya vijiji ilikuwa inakuja, kila mtu alijua. Kule Mbeya watu walikwisha kuhamishwa. Akamletea Tadei chai ya maziwa na kiazi, akauliza kwa sauti ya mtu asiyetaka jibu: kwa maeneo haya, watu watakusanywa wapi? Tadei akanywa, akasema kamati haijui mahali pengine zaidi ya karatasi. Inatafuta pale ambapo namba tano zimelala pamoja, karibu na maji. Na mlima wa Namwela, kwa mama yake, ulikuwa na tano thelathini na moja zilizoshikana. Kijiji kitapanda Namwela. Watu wa Kanyele na vitongoji vya kando watahamia kule.

Kupanda Namwela hakukuwa na barabara, ila njia ya mbuzi. Mashine haipandi njia ya mbuzi, na mashine isiyo na watu ni jiwe linalokunywa dizeli. Tusekile aliiona miaka yake kumi na tatu ya kazi imebaki peke yake barabarani, inaota kutu. Aliinama juu ya picha, akauliza Tadei anajuaje kwamba Namwela ni mashamba, mbona yeye anaona vidonda tu, kama ngozi ya mtu aliyeugua ndui.

Tadei akacheka kwa fahari. "Hizo ni ntumba, mama. Ninyi wa Rungwe mna migomba, hamwezi kujua."

Akasimulia jinsi Wafipa wanavyolima. Masika yakielekea kuisha hukata majani, huyakusanya na kuyafukia chini ya tuta la duara, wakayaacha yaoze kiangazi chote. Mvua za kwanza zikinyesha, tuta linabomolewa, udongo mweusi unasambazwa, mbegu zinatupwa. Ntumba ikilala inaonekana haina mwenyewe, kumbe ndiyo shamba lenyewe. Wageni hudhani ni vichuguu vya mchwa. Hata mwongozo wa kazi, alioandika mtaalamu ambaye hajawahi kushika jembe la Kifipa, unasema wazi: vitone vingi vya duara ni vichuguu, andika mbili. Tadei alimweleza mkuu wake, Bwana Clemens, akaulizwa mtaalamu kasoma wapi na yeye kasoma wapi. Basi akanyamaza. Na penye ntumba akawa anaandika tano.

Aliyasema hayo kikombe kikiwa mkononi, na chai ya watu hulegeza ulimi. Tusekile akainuka, akamimina ulezi wa kijana kwenye mashine kabla ya zamu ya yule mwenye kanga nyekundu. Mama huyo akaguna. Tadei akadhani ameheshimiwa.

Baada ya wiki mbili Tusekile akamwita nyumbani kwake Majengo, mchana, kama mtu anayemwita fundi. Kwanza alimwonyesha mabati kumi na mawili mapya, wakati ambao hata bati moja lilikuwa halipatikani mjini kwa dawa. Akamwambia ni ya mama yake. Kisha akamweleza anachotaka. Tano za Namwela ziwe mbili.

Tadei akasimama. Akasema yeye hawezi kuandika uongo, na zaidi ya hapo, bati la nyumba ya Namwela lina faida gani kama Namwela yenyewe inafutwa?

"Nani kakuambia uandike uongo?" Tusekile akamuuliza. "Uongo umekwisha kuuandika. Mwongozo wenu unasema mbili, wewe umeandika tano, tena kwenye mlima wa mama yako. Bwana Clemens ananunua unga kwangu kila Jumamosi. Nikimwuliza tu, kwa kutojua kwangu, hivi vichuguu vina namba gani, yeye ataangalia wapi kwanza?"

"Mama, huko kuna watu."

"Hata hapa nilipo kuna mtu. Wewe ulimwandika majani."

Tadei akakaa. Tusekile alikuwa amewahi kuwaona wauzaji wengi wakikaa hivyo, mgongo ukiwa bado unakataa na magoti yamekwisha kubali. Hakumharakisha. Alimenya kitunguu. Alipofika cha pili kijana akauliza kama watu wa Namwela kweli watapewa mahali pazuri Kanyele. Tusekile akasema ardhi ni ardhi. Tadei akauliza kama mama yake, Fransiska, ataweza kusaga bila kupanga foleni. Tusekile akaona mlango umefunguka.

"Bila foleni, na bure, mpaka afe. Naapa kwa mashine."

Jumamosi iliyofuata Tadei alileta karatasi ndani ya bomba lake. Waliitandaza mezani karibu na dirisha. Wino kwenye karatasi ile haufutiki kwa mpira. Unakwanguliwa kwa wembe, pole pole, kama mtu anayenyoa mtoto mchanga. Ukizidisha mkono karatasi inatoka manyoya, na wino mpya unatawanyika, mkuu anajua. Tadei alikwangua tano ya kwanza, akapuliza vumbi, akasugua mahali pale kwa kucha ya kidole gumba mpaka pakang'aa, akaandika mbili. Tusekile alimwangalia kwa heshima ya kweli. Fundi ni fundi, hata akiwa anakata tawi alilokalia.

Alipofika thelathini akaweka wembe chini, akaanza kukunja karatasi.

"Umebakiza," Tusekile akasema.

"Huo ni wa mama."

"Nimeona."

"Mraba mmoja hauleti kijiji, mama Tusekile. Niachie mmoja."

"Mwanangu, tano moja katikati ya mbili thelathini ni kama jino moja mdomoni. Kila mtu ataliangalia. Atauliza, shamba hili la nani, mbona liko peke yake porini? Nawe utamjibu nini?"

Tadei akaikunjua tena karatasi. Kisha akauchukua wembe. Safari hii alikwangua vibaya kidogo, karatasi ikatoka unyoya mmoja, ikambidi ausugue sana. Kwa kuwa alikuwa mtu wa kumaliza kazi, akaendelea pia na miraba minne ya kando ya barabara pale Kanyele. Tatu zikawa tano. Hapo ndipo alipoandika uongo.

Kamati ilikaa mwezi wa nane. Karani akaipaka karatasi rangi, tano kijani, mbili akaziacha nyeupe. Namwela ikawa nyeupe kama shuka la maiti, na Kanyele ikapata doa la kijani kando ya barabara. Hakuna aliyebishana. Bwana Clemens alimsifu Tadei mbele ya wenzake kwa kufuata mwongozo.

Malori yalifika Namwela mwezi wa kumi, ntumba zimeiva, watu wanangoja mvua tu wabomoe. Aliyeongoza operesheni, Bwana Theodory, hakuwa mtu wa matusi. Aliwaambia wazee kwa upole kwamba serikali inawatoa porini kuwaleta kwenye maendeleo. Mzee Adriano, aliyekuwa na ntumba nyingi kuliko wote, akamjibu kwamba hapa si porini, hapa ni shambani. Theodory akafungua ramani, akaweka kidole.

"Hapa hakuna shamba, mzee. Hapa kuna vichuguu."

Mzee akamshika mkono kama mtoto, akampeleka mpaka kwenye ntumba, akaipasua kwa jembe. Majani yaliyooza yakatoka, meusi, yanafuka joto, na harufu yake ikapanda. Theodory akayatazama, akaitazama na mistari ya matuta iliyoshuka mlima kwa mpangilio mpaka chini.

"Kweli," akasema, "mchwa wa huku wana nidhamu."

Mgambo wakacheka sana. Kisha wakaanza kuezua nyumba, ili mtu asipate pa kurudia. Nyasi za paa zikachomwa palepale. Fransiska, mama yake Tadei, alipanda lori akiwa na mtungi, jembe na mbegu za maharage kwenye kitambaa. Ntumba zake haziwezi kupanda lori.

Tusekile alisimama mlangoni kwa mashine siku ile, anahesabu vichwa vinavyoshuka. Familia mia mbili na arobaini! Alikuwa amekwisha kuagiza mapipa mawili ya dizeli. Alimpokea Fransiska mwenyewe, akamshika mkono, akamwambia kwamba yeye hatapanga foleni kamwe, mwanawe kamtengenezea. Fransiska akauliza mwanawe kamtengenezea nini. Tusekile akajibu kwamba atakuja mwenyewe kumweleza.

Mvua zikaja. Watu walikuwa wanachimba mashimo ya vyoo na kukata miti ya kujengea. Ardhi ya Kanyele ilikuwa ya bondeni, inashika maji, na majani yake yalikuwa haba. Ntumba mpya zingehitaji kiangazi kizima kuoza. Walipanda kwa kuchelewa, wakavuna mabua. Na serikali, kwa huruma yake, ikaleta chakula. Kililetwa kwa magunia, cha manjano, watu wakakiita unga wa Yanga kama nchi nzima ilivyokuwa inakiita. Kilikuwa unga. Kilitoka huko kilikotoka kikiwa kimekwisha sagwa.

Tusekile alisimama tena mlangoni. Mbele yake kulikuwa na foleni ndefu kuliko zote alizowahi kuziona Kanyele, ila ilipita upande wa pili wa barabara, kwenye lori la unga. Mashine yake haikuwashwa kwa miezi mitano. Panya walikula ukingo wa mkanda.

Mtu mmoja tu alimletea nafaka. Fransiska alitoroka alfajiri mara tatu, akapanda Namwela, akabomoa ntumba zake mbili tatu, akatupa mbegu. Mwezi wa sita akarudi na ungo wa ulezi. Tusekile alikuwa mtu wa neno lake. Akawasha mashine nzima kwa ajili ya ungo mmoja, dizeli ikaungua, bila foleni na bila malipo. Mlio wake ukawaita mgambo. Wakauliza ulezi umetoka wapi, na kwa kuwa hakuna aliyevuna ulezi Kanyele, hapakuhitajika akili nyingi.

Shauri lilisikilizwa hadharani. Fransiska alishtakiwa kwa kulima porini. Akasema alilima shambani kwake. Theodory akaagiza ramani iletwe, na kwa kuwa alipenda mambo yaende kwa haki, akaagiza na mwandishi wake aje kuithibitisha. Tadei akaja kwa baiskeli. Alivaa shati jeupe. Akasimama mbele ya watu wa Namwela, akaulizwa mraba ule una namba gani, akasema mbili. Akaulizwa mbili ni nini.

"Ni pori."

Fransiska ndiye aliyeongea, tena kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaulizia chumvi.

"Mwanangu ndiye aliyeandika hapo pori?"

"Ndiyo, mama," Theodory akasema.

"Basi mimi ni nyani. Kuishi nimeishi huko miaka hamsini."

Akapewa adhabu ya kulima shamba la kijiji mwezi mzima. Tadei akamfuata nje, akapiga goti, akamwamkia. Mama yake akampita. Akasema, si kwake, bali kwa wanawake waliosimama pale: "Nyani hazai karani." Hakurudia kumwita mwanawe mpaka alipozikwa, msimu wa baridi uliofuata. Sukari aliyokuwa analetewa aliigawa kwa majirani hata bila kufungua pakiti.

Mwaka wa sabini na sita Kanyele ikaandikishwa kuwa kijiji kamili. Kwenye mkutano katibu akasoma mali za kijiji: ghala, majembe ya kukokotwa manne, mashine ya kusaga. Tusekile akanyoosha mkono, akasema mashine ina mwenyewe. Katibu akamwambia ni kweli, mwenyewe ni kijiji, na mtu mmoja kunyonya familia mia mbili na arobaini ni mambo ya zamani. Wa kwanza kupiga makofi alikuwa mama mwenye kanga nyekundu, ingawa kanga yenyewe ilikuwa imekwisha kupauka.

Tusekile hakulia. Alipanda basi mpaka Sumbawanga, akamkuta Tadei amepewa chumba chake, meza kubwa na vijana wawili wa chini yake. Akasema kwa mkato: zile tano nne za Kanyele zirudi kuwa tatu, hesabu ya mashamba ipungue, kijiji kikose sifa, mashine irudi.

Tadei akamsikiliza mpaka mwisho. Akafungua kabati, akamtolea ramani mpya, ya rangi, iliyochapwa Dar es Salaam, inayonukia wino wa kiwandani. Akamsogezea na wembe.

"Kwangua, mama. Jaribu."

Tusekile akapitisha wembe. Ukatoka na karatasi yenyewe, pakabaki tundu.

Mezani katikati yao palikuwa na ramani yenye tundu. Tusekile akauliza, kwa kuwa mtu wa biashara hupenda kujua mwenzake alipata nini, kama cheo kinamfaa. Tadei akasema picha mpya za ndege zimekuja. Namwela sasa ina miti michanga, na ntumba ambazo hazikubomolewa mchwa wameingia kweli, wamejenga. Ameandika mbili mara thelathini na moja bila kudanganya hata mraba mmoja. Akasema hiyo ndiyo kazi yake safi kuliko zote.

Tadei alifika kuwa mkuu wa chumba cha ramani alipoondoka Clemens. Alioa, akajenga Majengo, na kila Pasaka alisafisha kaburi lililoko Kanyele, asubuhi mapema kabla watu wa Namwela hawajaamka, kwa sababu walipomkuta walimwita Bwana Mbili. Kijiji cha Kanyele kilipata mashine. Mwaka ambao hatimaye mahindi yaliiva vizuri, hapakuwa na mtu aliyejua kuirekebisha pampu yake ya dizeli, ikasagia msimu mmoja ikanyamaza. Tusekile aliwaambia angewafundisha, kwa gunia nne. Walimpa mbili. Akawafundisha nusu.

Kwa magunia hayo mawili alianza tena, Laela, kituo cha basi, akikaanga maandazi. Umri ulikuwa umekwenda, mafuta yalikuwa adimu, na abiria wa kwenda Tunduma hawana subira. Mtu akimwuliza kuhusu Kanyele alisema alipata hasara kwa kosa moja tu: alijua thamani ya watu walioko kwenye foleni, hakujua thamani ya majani yaliyooza. Kisha aligeuza maandazi, maana yalikuwa yanaungua.